Sikio la Bouchaib

Wahenga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, hawakuwa na maana ya homa na vidonda tu. Yapo maradhi yasiyoonekana kwa macho, na anayeyaficha hayo watu humwita shujaa. Bouchaib aliitwa hivyo, naye akalipenda jina hilo kuliko afya yake.

Alikuwa mwokoaji katika kikosi cha zimamoto mjini Safi, mji wa wafinyanzi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Jengo likianguka, aliinua ngumi, mashine zikazimwa, watu wakatulia tuli, naye akalaza sikio kwenye kifusi. Akisema "hapa", walichimba hapo. Neno lake halikupingwa.

Lakini tangu arudi kutoka kwenye tetemeko la milimani, Bouchaib alisikia mtu akigonga hata pasipokuwa na mtu. Alimsikia ukutani bafuni. Alimsikia mezani, mbele ya bakuli la supu ya harira. Hakumwambia yeyote, hata mkewe.

Kikosi kikamleta Lalla Touria, mfinyanzi, ili kila Alhamisi awape waokoaji udongo wafinyange yaliyowakaa moyoni. Miloud, mwenzake Bouchaib, alifinyanga kiatu cha mtoto, akalia kwa kwikwi, na tangu siku hiyo akaanza kupata usingizi.

"Ee bibi harusi, chungu chako kimeiva?" Bouchaib alimtania Miloud.

"Njoo ukae nawe, kaka," Lalla Touria alimwambia. "Udongo hausengenyi mtu."

"Lalla, mikono yangu ni ya kuokoa watu, si ya kukanda tope!"

Akaenda zake kunywa chai ya mnanaa. Moyoni alitamani kukaa, ila aliogopa mikono yake ingemsema.

Mvua za baridi zilipokuja, nyumba moja ya mji mkongwe iliporomoka juu ya mzee Larbi, muuza zeituni. Binti yake, Rqia, alisimama matopeni bila viatu.

"Baba yu hai! Nimemsikia!"

Bouchaib aliinua ngumi. Kimya kikatanda. Akasikia kugonga kule kule anakokujua.

"Kushoto!"

"Kaka, mimi nimesikia kulia, chini ya ngazi," Miloud alinong'ona. "Hebu sikiliza tena."

"Wewe na vyungu vyako! Tangu lini una masikio? Chimba!"

Walichimba kushoto hadi viganja vikachubuka. Hapakuwa na mtu. Walipogeukia kulia walimkuta mzee chini ya ngazi, amekata roho, mwili ungali na joto, kipande cha tofali mkononi. Alikuwa akigonga.

Rqia alimtazama Bouchaib.

"Si walisema wewe ndiye unayesikia?"

Alhamisi iliyofuata, Bouchaib alikaa mbele ya udongo bila kuitwa. Alifinyanga mkono ulioshika tofali, huku akimweleza Miloud yote aliyoyaficha.

"Ungeniambia tu, kaka," Miloud alisema. "Ngumi ningeinua mimi."

Bouchaib alilia kama mtoto. Alijuta, na majuto hayo hayakumrudishia Rqia baba yake. Hakika mficha maradhi kifo humuumbua, hata kama kifo chenyewe ni cha mtu mwingine.