Msumari wa Cheti

Wewe mwenye mtoto shuleni, msomee hadithi hii leo, kisha mpe na jirani.

Kalunde alitamani kitu kimoja tu: cheti. Mama yake alishagongelea msumari ukutani, mahali ambapo mgeni akiingia tu anapaona, akasema huo ni wa cheti cha Kalunde. Miaka ikapita, msumari ukawa wa kutundikia ungo.

Vyeti vyote vilikwenda kwa Nyamizi, namba moja wa darasa lao. Kalunde akamwiga kila kitu. Akakaa dawati la mbele, akafunika madaftari kwa magazeti, akaamka alfajiri kusoma. Cheti hakikuja.

Siku moja Mwalimu Kapufi alisema atachagua mmoja wa kwenda kushindana wilayani, ambako kila anayeshiriki hupewa cheti. Akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi, na jibu akaweka mbili ya tano.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu," darasa zima likaitikia kama lilivyozoea.

Kalunde naye aliitikia, tena kwa sauti. Lakini moyoni alijiuliza: nusu chapati ukiiongezea kipande, inakuwaje ndogo kuliko nusu? Mkono ukamwasha kunyooshwa. Akaukalia.

Nyamizi akasimama. "Samahani, mwalimu, mimi sijaelewa. Hilo jibu ni dogo kuliko nusu."

Darasa likacheka. Mmoja wa nyuma akasema, "Namba moja leo umeme umekatika." Kalunde naye akacheka.

Mwalimu akalifuta jibu. Alikuwa amelikosea makusudi.

"Utakwenda wewe, Nyamizi," akasema. "Sikuwa natafuta anayejua. Nilitafuta asiyejificha asipojua."

Njiani kurudi nyumbani Kalunde alimwuliza Nyamizi kama hakuona aibu.

"Naona sana," Nyamizi akajibu. "Lakini nisingeuliza, ningelala na swali hilo."

Nyumbani mama aliuliza habari za shule, kama kila siku. Kila siku Kalunde hujibu nzuri. Leo alisimama mlangoni, akautazama ule msumari.

"Mama, kuna kitu sikukielewa, na nikanyamaza."

Mama akautungua ungo, akaketi kuchambua mchele. "Kaa hapa," akasema. "Nieleze hicho kitu."

Nyuma yao msumari ukabaki mtupu.

Funzo: Wanaofaulu huona aibu kama sisi. Ila mkono wao hawaukalii.