Nyumba Iliyopumua Mchana

Wapendwa, kaeni. Leo sitaanza na somo. Nitaanza na mtu aliyetaka kujenga nyumba. Msihangaike kutafuta ni nani mtaani kwenu, maana nimemtunga mwenyewe, ingawa nikimaliza huenda mmoja wenu akaniambia anamfahamu.

Tumwite Anyelwisye. Alikuwa muuza mbao, mtu wa watu, asiye na ugomvi na jirani. Alikuwa na mke, Subilaga, watoto, na mama yake mzazi, bibi mzee wa kushikwa mkono anapotembea. Miaka yote walikaa nyumba ya kupanga, na Anyelwisye alikuwa amejiapiza kwamba mama yake hatafia chini ya paa la mtu mwingine. Je, hilo ni jambo baya? Mimi sioni ubaya wake. Wengi wetu tunapopotea huwa tumeanza na nia njema kabisa.

Akapata kiwanja bondeni, pembeni mwa mji, mahali ambapo majani hubaki mabichi hata katikati ya kiangazi. Ninyi wakulima mnajua maana yake. Yeye aliona uzuri tu. Akachorewa ghorofa: chini fremu za biashara, vile vyumba vya maduka, juu yake familia, na juu zaidi wapangaji. Ile picha akaikuza na kuibandika dukani, kila mteja akaonyeshwa, ndugu wa mbali wakapigiwa simu. Nyumba ilikuwa imeshasimama kichwani mwake kabla jembe halijagusa udongo.

Kilichobaki ni mhandisi wa kupiga hesabu za msingi na nguzo, kisha aweke sahihi yake kwamba jengo litabeba watu. Akaelekezwa kwa mwanamke mmoja, Injinia Tumpale. Huyo hakutaka kuona picha kwanza. Alitaka kuona kiwanja, na alipofika akaomba yachimbwe mashimo ya kupimia udongo.

Vibarua walichimba huku wakitaniana. Walipofika kina cha kumzidi mtu kimo, udongo ukageuka mweusi, laini kama uji. Halafu maji yakaja. Hayakububujika wala hayakutoa sauti. Yalipanda tu polepole, yakajaa chini ya shimo, na yalipotulia yakawa yanatetemeka, ingawa hapakuwa na mtu aliyesogea. Vibarua wakaacha kutaniana. Mmoja alipanda juu bila kuambiwa. Injinia Tumpale akabaki amechuchumaa ukingoni, akiyatazama muda mrefu.

Akamweleza Anyelwisye kwamba ardhi ile haiwezi kubeba nyumba kama ilivyochorwa. Ama msingi ushuke chini sana, mpaka kwenye udongo mgumu, ama ghorofa zipunguzwe, ama atafute kiwanja kingine. Anyelwisye akamwambia kwamba ndugu wameshaiona picha, hawezi kuwaonyesha nyumba fupi. Akamwuliza kama hesabu haziwezi kurekebishwa kidogo kwenye karatasi.

"Baba, karatasi itakubali," Tumpale akamjibu. "Udongo ndio umekataa. Sahihi yangu itakuwa juu ya kichwa cha mama yako kila siku akiwa amelala. Siwezi kuiweka."

Sasa niwaulize, na mjibu moyoni tu. Mhandisi wa namna hii ungempa kazi? Umejiandaa miaka yote, unakuja na furaha yako, na wa kwanza unayekutana naye anakutazamia shimo kama anatazama kaburi. Anyelwisye alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba yule mwanamke ana mkosi.

Akatafuta mwingine. Rafiki wa rafiki akampeleka kwa Injinia Lutengano, mtu mpole, mwenye ofisi nzuri na maneno mazuri. Huyo aliitazama picha akaisifia. Hakuuliza kiwanja kiko wapi. Aliuliza jambo moja tu: nguzo za chini ziwe nyembamba kiasi gani, ili fremu zionekane pana? Anyelwisye akafurahi mno. Hatimaye amepata mtu anayemwelewa. Sahihi ikawekwa, muhuri ukagongwa, na tangu siku ya kuchimba msingi mpaka siku ya kumwaga zege la mwisho Injinia Lutengano hakukanyaga pale bondeni.

Nyumba ikaisha. Ilikuwa nzuri, nisiwadanganye. Ndugu walikuja wakala, wakaimba, wapangaji wakaingia.

Ilianza mchana. Nyie mnadhani mambo ya kutisha husubiri giza. Ilianza saa za mchana, watoto wako shule, wapangaji wako kazini, jua limewaka, na Subilaga yuko peke yake na mama mkwe. Akasikia ndani ya ukuta sauti kama ya mtu anayealisha vidole. Kimoja. Kisha kimya. Kisha kingine, upande wa pili wa chumba. Baadaye ikafuata sauti ndefu, kama pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana na sasa anaiachia.

Mlango wa stoo ukafunguka wenyewe, taratibu, bila upepo. Akaufunga. Ukafunguka tena. Siku nyingine chungwa lilimponyoka, likabiringika chumba kizima bila kusimama, mpaka kwenye pembe ya kitanda cha bibi. Akaliokota, akaliweka sakafuni upande mwingine. Likarudi palepale. Bibi alikuwa amekaa kitandani anamwangalia, akamwambia kwa utulivu, kama mtu anayesimulia habari za jirani:

"Mwanangu, kuna mtu anahema nyuma ya kitanda changu. Kila siku anasogea kidogo."

Subilaga alimweleza mumewe. Mume akasema nyumba mpya zote zinajinyoosha. Lakini naye siku moja, akiwa mezani anakula, alisikia ile pumzi juu ya kichwa chake, akainua macho. Juu ya mlango palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Akauziba, akapaka rangi. Ukarudi, ukipita njia ileile, kama mtu anayejua anakokwenda.

Habari zikasambaa. Wakasema chini ya nyumba kuna chemchemi yenye wenyewe. Wakasema Anyelwisye amejenga juu ya mlango wa mapepo. Wapangaji wawili watatu wakahama kimyakimya. Mtaa mzima uliongea habari za mapepo, na katika mtaa mzima hapakuwa na hata mmoja aliyetamka neno msingi.

Wakaitwa watu wa maombi. Walifunga, wakaja, wakakemea. Walipaka mafuta nguzo zote za chini, zile nyembamba. Na nyumba ikanyamaza, wapendwa. Kweli ilinyamaza. Siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata, haikusikika hata sauti moja. Watu wakashangilia. Fundi cherehani mmoja aliyekuwa na fremu pale chini, jina lake Gwakisa, akasimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba pepo ametoka na yeye mwenyewe amesikia akitoka.

Kwa nini nyumba ilinyamaza? Sijui. Lakini nimewahi kuona watu waliobebeshwa mzigo mzito kupita kiasi. Mwanzoni huguna. Inafika mahali hawaguni tena, na hapo ndipo wanapotisha.

Asubuhi moja mlango wa chumba cha bibi ukagoma kufunguka. Subilaga akausukuma kwa bega, haukutikisika. Fremu yake ilikuwa imeubana kwa juu na pembeni, kama taya lililofungwa. Akamwita bibi. Bibi akajibu kutoka ndani, hana hofu yoyote:

"Usijisumbue, mwanangu. Yule ameacha kuhema. Sasa amesimama tu, amenyamaza."

Subilaga alisema baadaye kwamba maneno yale ndiyo yaliyomtia baridi kuliko sauti zote. Mumewe alikuwa dukani. Hakumpigia mumewe. Aliitafuta namba ya yule mwanamke aliyeitwa mkosi.

Injinia Tumpale alikuja mara moja. Alisimama chini kwanza, akaweka kiganja kwenye nguzo moja, akakiacha hapo, kama mama anayempima mtoto homa. Uso wake ukabadilika. Akaomba mtaimbo, akapanda ngazi, akang'oa bawaba za ule mlango, wakamtoa bibi. Akambeba mgongoni mpaka nje, ng'ambo ya barabara, akamkalisha kivulini. Subilaga akamwuliza kwa sauti ndogo kama ni pepo.

"Natamani angekuwa pepo, mama," Tumpale akasema. "Pepo hutolewa. Hapa wa kutoka ni ninyi, na ni sasa hivi."

Anyelwisye akafika akiwa amekasirika. Alisema mwanamke yule ana wivu kwa sababu alinyimwa kazi. Ili amalize ubishi, akampigia Injinia Lutengano aje aseme ukweli mbele ya watu. Na Lutengano alikuja. Alishuka kwenye gari lake, akaja mpaka getini, akainua macho akaitazama nyumba kwa mara ya kwanza.

"Mbona imesimama vizuri tu," akasema.

Anyelwisye akashusha pumzi. Akamkaribisha aingie awaonyeshe watu kwamba hakuna tatizo. Lutengano akasema anaona vizuri kutoka pale alipo. Anyelwisye akamkaribisha tena. Lutengano akasema ana kikao. Basi Anyelwisye akamshika mkono, kwa upendo tu, kama unavyomshika mgeni kumwingiza ndani, akakuta ule mkono ni wa baridi na umelowa jasho, kwenye jua lile. Akauvuta. Lutengano akakaza miguu. Akauvuta tena, na yule mtu akarudi nyuma.

Wakatazamana. Watu wote pale waliona, na Anyelwisye aliona kuliko wote. Mwanamke aliyekataa kuweka sahihi yake juu ya nyumba ile alikuwa ametoka kuingia ndani yake kumwokoa mama wa Anyelwisye. Na huyu aliyeiweka sahihi hakuthubutu kuvuka geti.

Anyelwisye akauachia ule mkono. Akageuka, akaingia mwenyewe, akawa anagonga mlango kwa mlango akiwatoa watu. Walitoka wote, wengine na sufuria mkononi. Aliyebaki ni Gwakisa. Alikuwa anamalizia nguo za harusi. Anyelwisye alimsihi, akamshika bega, akamvuta, lakini Gwakisa aliikumbatia meza ya cherehani yake akasema haogopi, pepo alishatoka, tangu siku ile nyumba imetulia. Akimaliza upindo atatoka. Injinia Tumpale akamvuta Anyelwisye nje kwa nguvu. Huku nje watu walikuwa wanaisikia cherehani ikienda.

Hapakuwa na upepo. Nyumba haikuanguka kwa namna mnayoijua ninyi. Ilikaa. Ilijikalisha chini kama mtu aliyechoka, na zile fremu pana za chini hazikuwepo tena. Dirisha la chumba cha bibi likawa usawa wa magoti ya watu. Vioo vya juu havikuvunjika. Mapazia yalikuwa yananing'inia vilevile. Vumbi likatoka, likapita getini, likawafunika wote waliosimama, na lilipopungua kila mmoja alikuwa ametega sikio kuisikiliza ile cherehani.

Gari la Injinia Lutengano lilikuwa limeshaondoka.

Wapendwa, mnaweza kudhani nimewasimulia habari za majengo. Nawasimulia habari zetu sisi. Sisi hatutafuti mhandisi. Nyumba tumeshaichora, picha tumeshaibandika, ndugu wameshapigiwa simu. Tunachotafuta ni mtu wa kugonga muhuri. Unataka kuoa, umeshaamua, unakuja kwangu eti tuombe tujue mapenzi ya Mungu. Unaingia biashara ambayo dhamiri yako imeikataa, na unazunguka kwa washauri mpaka umpate wa kusema ndiyo. Aliyekwambia hapana umempa jina. Umesema ana wivu, ana mkosi, hana imani.

Na nyumba inapoanza kutoa sauti tunafanya nini? Ndoa inaguna, mtoto ameacha kuongea mezani, usingizi umekataa. Tunakemea. Tunaiita hila ya adui sauti ambayo huenda Mungu mwenyewe ameiruhusu ili tutoke tukiwa hai. Kisha inanyamaza, na sisi tunatoa ushuhuda. Gwakisa hakuuawa na pepo. Aliuawa na watu wa maombi waliomwambia kuna amani, na mimi mhubiri nalisema hili nikiwa natetemeka, kwa sababu ni kazi yangu kuwaambia watu kuna amani.

Hilo sitawaambia leo. Nitawapa kazi ya kwenda kufanya. Nendeni nyumbani mkamtafute yule aliyewaambia ndiyo, yule aliyeyasifia maisha yenu jinsi mlivyoyachora. Msimwulize maswali. Mshike mkono, mkaribishe ndani, mwambie akae hapo unapolala wewe na watoto wako.

Kisha uangalie miguu yake.