Neno la Maji ya Mtondoni

Wewe unayebetua mdomo, ubetue nikishamaliza. Hujawahi kumwona nguva, basi nguva hayupo? Kaa kitako usikilize.

Hapo zamani, huko Mtondoni, mto uliingia baharini kwa mdomo mwembamba. Kila kiangazi mchanga uliuziba, maji yakatuama yakawa ziwa. Desturi yao, mtu mmoja alipewa neno la maji. Akisema chimbeni, watu wanaufukua mchanga, bahari inaingia. Asiposema, hagusi mtu. Mwaka ule mwenye neno alikuwa amefariki, na Sheha, mkuu wa kijiji, akatangaza: atakayeliokoa ziwa, neno ni lake mpaka kufa.

Mize alilitaka hasa. Mjane huyu kwa miaka kumi na mmoja aliteremsha sahani nyeupe ya bati majini kwa kamba yenye mafundo, akihesabu mpaka sahani ipotee machoni. Siku zote ilipotea fundo la tano. Siku hiyo ikapotea la pili. Akaenda kwa Sheha.

"Maji yanakufa. Chimbeni."

"Bi Mize, sahani ni ya wali," Sheha akasema, na baraza zima likacheka.

Kesho yake sahani ikapotea fundo la kwanza. Mize hakumwambia mtu. Si wamecheka? Wakome.

Faki, mtu wa kijiji hichohicho, naye alikuwa akihesabu heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu kama fito. Kila kumi, kokoto moja kibuyuni. Asubuhi hiyohiyo kokoto zilikuwa tatu badala ya arobaini. Akadhani ni macho yake. Akahesabu tena kesho, akahesabu tena kesho kutwa, ndipo akaenda. Kwa kuwa Faki hakuwahi kukosea hata ndege mmoja, Sheha hakucheka.

"Tutachimba kesho, maji yakijaa," akasema.

Kazija, mke wa mtoto wa Mize, hakungoja. Siku nzima alimsikia mavyaa wake akinung'unikia mafundo jikoni. Alipokwenda kufua akakuta mikunga na kaa wanatambaa kutoka majini kama watu wanaokimbia moto. Akatwaa jembe, akachimba peke yake, na bahari inakupwa. Ziwa likatoka kwa kishindo, likabeba nusu ya samaki wachanga. Watu wakaja mbio wakimlaani.

Kisha bahari ikageuka.

Iliingia polepole, ya kijani, safi. Ndani ya mkondo ukaja mgongo mpana wa kijivu, na ubavuni mwake mgongo mwingine, mdogo. Nguva na mwanawe. Nguva akaibuka, akashusha pumzi, nzito, kama ya mtu mzima aliyechoka, akainama kula majani palepale penye mawe ya kufulia. Faki akakaa chini mchangani. Mize akateremsha sahani: fundo la tatu, la nne, la tano, la sita, na bado anaiona.

Jioni wakaitwa kwa Sheha.

"Mimi nilijua kabla yenu nyote," Mize akasema.

"Ukanuna," Faki akajibu. "Bila kibuyu changu, hata leo wangekuwa wanacheka."

"Kibuyu kilichongoja siku mbili," Kazija akasema. "Mikunga hawakuwa na hata siku moja."

"Na samaki uliowamwaga baharini, mwanangu?" Mize akamuuliza.

"Niliwamwaga, Mama. Sikatai."

Sheha akamwinamia Mize. "Wewe ndiye mkubwa hapa. Mkane mkweo mbele ya watu, neno nakupa sasa hivi."

Mize alimtazama Kazija, viganja vimechubuka mpaka nyama. Akaokota sahani yake.

"Maji yameanza kupwa," akasema. "Mimi nina kazi."

Akatoka, akaufunga mlango.

Ndani hawakuafikiana. Haya, amueni ninyi: aliyejua kwanza akanuna, aliyeaminiwa akachelewa, au aliyechimba akapoteza nusu. Je, neno la maji alistahili nani?