Fisi Aliyetulia Mbele ya Kamera

Kli.

"Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Niwape?"

"Tupe."

"Haya, yashikeni masikio yenu yasikimbie."

Mlio huo ulikuwa wa kamera ya Mwalimu Ndeshi. Ni kijisanduku cha bei nafuu, alikifunga mtini kwenye njia ya chemchemi apate kuwaona wanyama. Mchana kinakula jua, usiku kinapiga picha. Chini ya mti huo aliishi Sange, mnyama mdogo, pua ndefu, na watoto wake. Watoto walikuwa na kiu, maana nyuma ya mwamba chemchemi ilikuwa na mwenyewe: Fisi. Fisi anakunywa, Fisi anaoga, Fisi analala humohumo. Mwingine akisogea, grrr.

"Shikamoo, mzee Fisi. Watoto wana kiu."

"Nani wewe?"

"Sange."

"Sikujui. Ondoka, kipua."

Kesho yake tena: "Shikamoo, mzee Fisi. Watoto wana kiu."

"Ondoka, kipua."

Kesho kutwa, kipua. Jina lake hakulitaja hata siku moja.

Basi Sange alikuwa amemsikia Mwalimu akiwaeleza wanafunzi palepale mtini: kamera hii hupiga kinachosogea, kisichosogea haina habari nacho. Jioni akaenda.

"Shikamoo, mzee Fisi. Picha zako zimebandikwa shuleni."

Fisi akainua shingo. "Nimetokaje?"

"Makalio, mzee. Zote makalio. Ukisikia kli unatoka mbio. Nungunungu katoka uso mzima, na miiba yake yote."

"Nungunungu? Sasa mimi nifanyeje?"

"Simama mbele ya kamera, utulie kama kisiki."

Fisi akaenda, tapu, tapu, tapu. Kli.

"Hiyo umetoka mdomo wazi, mzee. Sasa tulia, ipige ya maana."

Fisi akatulia. Kamera haikulia tena. Nyuma ya mwamba watoto wa Sange wakanywa, lapu, lapu, lapu. Nungunungu akanywa, lapu, lapu, lapu. Digidigi akanywa, akarudia.

"Bado?" Fisi alinong'ona bila kufungua meno.

"Bado kidogo, mzee. Lakini umependeza."

Na kweli alipendeza, maskini, kajikaza hivyo na masikio yake kayasimamisha. Jua likachomoza, kamera ikaanza kula, Fisi angali kisiki.

Ngano yangu naitua hapo, mgongo umechoka. Funzo lake, watoto: ukitaka kupendeza kwenye picha, usitikisike kabisa.

"Na Fisi je?"

Fisi? Miguu ilikufa ganzi. Koo lilikauka. Maji yako nyuma ya mwamba tu, lakini hata kugeuka hawezi. Sange akaja na jani lenye maji, akasimama mbele yake, akamtazama.

"We kipua," Fisi akasema.

Jani halikusogea.

"Mwenzangu."

Jani halikusogea.

Fisi akatazama chini. "Naomba maji," akasema polepole, "Sange."