Mzinga Wenye Mlango Msafi

Wapendwa, sogeeni karibu karibu, maana baridi ya leo haina adabu hata kidogo. Mzee Tweve, naona umekuja na blanketi lako mpaka ibadani. Usione haya, baba, Mungu anakuona humo humo ndani. Nitawapa mfano mmoja, na mfano wenyewe ni wa baridi hii hii tunayoilalamikia.

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa nyuki, huko juu milimani, kwenye nchi kama hii yetu, ambako mwezi wa saba umande unaganda juu ya nyasi na majani ya viazi yanaungua shambani. Mtu huyu alikuwa na mzinga mmoja, ameuweka chini ya mti wa mfyulisi. Kando yake, chini ya mfyulisi uleule, palikuwa na mzinga wa pili, nao ulikuwa wa shemeji yake, mke wa kaka yake. Kaka mwenyewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alimwachia mkewe vitu vichache, na katika vichache hivyo mama yule aliupenda mzinga kuliko vyote, kwa sababu mumewe aliupigilia kwa mikono yake mwenyewe, akaupaka rangi ya bluu iliyobaki baada ya kupaka milango ya nyumba yao. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo wakamwambia mfugaji, "Wako na wa shemeji yako, uangalie yote miwili." Akakubali mbele ya watu.

Haya. Mwezi wa tano, kabla baridi haijashuka, akaenda kuvuna. Alipoufungua mzinga wa mjane alitaka kutoa kila kitu, lakini yule mama alikuwa amesimama pale kwenye kihamba, shamba lake dogo la mahindi, akapaza sauti, "Shemeji, marehemu alikuwa akiwaachia nusu!" Akawaachia nusu, huku ananung'unika. Alipofika kwenye mzinga wake, ambako hakuna wa kumpazia sauti, alikwangua asali yote, akawaachia masega matupu. "Hawa ni nyuki," akasema, "watajitafutia." Watajitafutia wapi, jamani? Kwenye ukungu?

Baridi ikashuka. Sasa nyuki wakati wa baridi hawaendi kokote. Wanajikusanya katikati ya mzinga, wanashikana wakiwa donge moja, wanapashana joto, wanakula akiba yao kidogo kidogo. Mwenye mzinga hana kazi. Kazi yake ni kungoja mfyulisi uchanue, na mfyulisi unachanua unapotaka wenyewe. Wangapi hapa mnajua kungoja? Msiinue mikono, tutadanganyana bure.

Yule bwana hakujua kungoja. Kila asubuhi alikuwa chini ya mti, anakwaruza tawi kwa ukucha kuona kama ndani kuna kijani. Alikwaruza mpaka mti ukawa na makovu. Kisha anainamia mizinga. Anatega sikio kwa wa mjane: kimya. Anatega sikio kwa wake: anasikia mvumo, vuuu, anafurahi. Tena kuna jambo jingine aliloliona, nalo ndilo lililomtia wasiwasi. Mlangoni pa mzinga wa bluu, kila jua lilipochomoza kidogo, palikuwa na nyuki waliokufa. Leo wachache, kesho wengi zaidi, wamelala chali kwenye nyasi. Mlangoni pa mzinga wake palikuwa pasafi, hapana hata maiti mmoja.

Mngekuwa ninyi mngesemaje? Mzinga upi mzima, na upi unakufa? Jibuni moyoni, msimwangalie jirani.

Na yeye akajijibu hivyo hivyo mlivyojijibu. Akawaza: wa shemeji wanakwisha. Wangu wazima, lakini wangu hawana chakula, nami najua kwa nini hawana. Na kule kwenye mzinga unaokufa kuna asali inayokaa bure. Siku ile mawazo yalipomfikisha hapo, hakuweza hata kumaliza uji wake. Akashika njia mpaka kwa shemeji yake.

Alimkuta jikoni anamenya viazi, moto unawaka vizuri.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Pita ndani, mbona umesimama mlangoni kama mgeni?"

"Sikai. Nimekuja na habari, tena si nzuri. Nyuki wako wanakufa. Kila asubuhi maiti tele nje. Wangu, namshukuru Mungu, mlangoni kwao unaweza kuandaa chakula."

Yule mama akaweka kisu chini. "Wamekufa wote?"

"Kama si leo, kesho. Sasa mimi naona hivi: asali iliyobaki tuwape walio hai, kabla nondo hawajaingia wakaharibu masega. Wangu wakivuka, tutagawana mwakani. Mimi na wewe si nyumba moja?"

"Hatuwezi kungoja mfyulisi uchanue?"

"Mfyulisi! Shemeji, tukingoja mfyulisi tutakuwa na mizinga miwili ya kuni za kusongea ugali. Kungoja kungoja huku ndiko kunakoua watu."

Mama akatazama moto. Sikilizeni alivyojibu, maana jibu lake lilikuwa na sehemu mbili. Alisema, "Ule mzinga ndio sauti ya mume wangu iliyobaki pale bondeni. Kama kweli wamekwisha, chukua. Lakini kama bado wapo, hata wachache, waachie chakula chao."

Unajua mtu mwenye haraka anavyosikia? Alisikia "chukua". Yale mengine yalipita kama moshi wa jikoni.

Akashuka bondeni na kisu chake na beseni. Ukungu ulikuwa umekaa chini kabisa. Akafunua mfuniko wa mzinga wa bluu, na pale katikati, wapendwa, akawaona. Donge la nyuki, si kubwa, ukubwa wa ngumi zangu mbili hizi, wanatetemeka kwa pamoja. Wapo! Mmoja alijaribu kuruka akaanguka kwenye mkono wake, hana hata nguvu ya kumchoma. Je, alikumbuka sehemu ya pili ya maneno ya mjane? Aliikumbuka. Msiseme hakukumbuka. Akasema, "Hawa wachache watafika wapi?" Akakata masega yenye asali, moja baada ya jingine, akayaweka kwenye beseni. Akarudisha mfuniko. Wala hakuwatazama tena.

Akageukia mzinga wake. Alikuwa na furaha, hata alikuwa anawasemesha: "Haya wanangu, leo mtakula." Akafunua.

Kimya.

Akainama zaidi. Chini ya mzinga nyuki walikuwa wamelala juu ya wenzao, unaweza kuwachota kwa kiganja. Wengine walikuwa bado kwenye masega, wametumbukiza vichwa ndani ya vitundu vilivyokuwa na asali zamani, makalio nje, wamekauka hivyo hivyo wakitafuta tone la mwisho. Hapakuwa na hata mmoja aliyetikisika. Na harufu yake, ndugu zangu, ilionyesha kwamba hawakufa jana.

Na ule mvumo aliokuwa akiusikia? Akiwa amesimama pale ukaja tena, vuuu. Ulikuwa upepo kwenye mipaini ya kule juu ya kilima, ukivuma ndani ya masega matupu.

Sasa niulizeni: kwa nini mlango wao ulikuwa msafi? Ulikuwa msafi kwa sababu hapakuwa na wa kutoa. Maiti habebi maiti mwenzake. Kule kwa mjane, kila jua lilipochungulia, waliobaki hai walijikokota kutoka kwenye joto lao, wakamshika ndugu yao aliyekufa, wakamburuta mpaka nje ili nyumba yao isioze. Wale maiti aliowaona kila asubuhi akasema wanakwisha, walikuwa kazi ya walio hai.

Yule bwana akasimama na beseni la asali ya watu mikononi. Lo! Mbele yake wafu, hawana haja na chakula. Nyuma yake walio hai, amewanyang'anya. Alilia, tena kwa sauti, mtu mzima, peke yake na ukungu. Kisha akaufunua tena ule mzinga wa bluu na kuanza kurudisha. Masega yaliyokwisha kukatwa hayapachikwi tena vizuri, mnajua wenyewe mnaofuga, basi akayaegemeza moja moja karibu na lile donge. Akafunika. Akavua koti lake, akaufunga nalo mzinga pande zote, ila mlango. Akapanda kilima na shati tupu.

Mjane alimwona anakuja hivyo, akasimama.

"Shemeji, koti liko wapi?"

"Shemeji, waliokufa ni wangu. Wa kwako walikuwa hai, na niliwaona, na nilichukua."

Yule mama akaitazama mikono ya shemeji iliyolowa asali. "Umerudisha?"

"Nimerudisha."

"Yote?"

"Yote. Hata iliyonilowesha vidole sikuilamba. Lakini nimewafungulia baridi mara mbili, shemeji. Sijui kama wataamka."

"Basi hata mimi sijui," akasema mama. "Ingia ukae, utaugua. Sasa tutangoja wote."

Naona mnavyonitazama. Mnataka niwaambie upesi kama walipona. Ndiyo haraka yenyewe hiyo! Yule bwana alikaa wiki baada ya wiki bila kujua, na safari hii hakukwaruza tawi, wala hakuinua mfuniko. Alifanya kitu kimoja tu: kila asubuhi alikwenda kutazama mlangoni pa mzinga wa bluu kama kuna maiti. Na kila alipomkuta maiti, alisema, "Asante Mungu." Watu waliopita njiani walidhani amerukwa na akili.

Kisha siku moja mfyulisi ukachanua, mti mzima rangi ya waridi tupu, hata yale matawi aliyoyakwaruza. Na kutoka kwenye mzinga wa bluu, chini ya lile koti, wakatoka. Wachache, wachovu, lakini wakatoka. Mjane alifunga kanga yake vizuri akapiga kigelegele kimoja mpaka ng'ambo ya bonde wakauliza kuna nini.

Msimu ulipokolea wakawa wengi, nyumba haikuwatosha, kundi likatoka likaenda kuning'inia kwenye tawi. Kundi lile lilikuwa mali ya mama, hakuna mwenye ubishi. Mfugaji akashika ngazi, akauliza, "Shemeji, nikutengenezee mzinga wa pili?"

Akajibiwa, "Wa nini, na wako uko mtupu? Usafishe, uwaweke humo. Ila mwezi wa tano ukifika, mimi nitakuwa nimesimama pale pale kwenye kihamba."

Wapendwa, mfano umekwisha. Sasa tuje kwetu sisi, na leo nitasema na mtu mmoja mmoja.

Sisi ni hodari wa kutazama milango ya watu. Nyumba ile kila siku mume na mke wanasikika wakigombana na kuombana msamaha, tunasema ndoa hiyo imekwisha. Kijana yule amekuja mbele mara ya tatu analia kwa ajili ya pombe ile ile, tunakonyezana: huyu ndiyo basi. Dada yule amesimama akaungama jambo ambalo wengine wetu tungekufa nalo, tukatoka nje kwenda kulisimulia. Tunahesabu maiti waliotolewa, hatumwoni aliyewatoa. Mtu anayetoa uozo nyumbani mwake, hata kama anautoa kila siku, ndani yake kuna uhai unafanya kazi. Mngojee. Mwachie chakula chake. Majira yake bado.

Na wewe ambaye mlango wako ni msafi? Tangu lini hujatoa kitu? Lini mara ya mwisho ulimwambia mtu, "Nimekukosea"? Ule msemo wa nyani mnaujua, hapa madhabahuni sitaumalizia. Nakuuliza tu: ule mvumo unaousikia moyoni, unaosema mimi niko sawa, una hakika si upepo wa mipaini?

Tukitoka hapa, tusishuke bondeni kwenda kuchungulia mzinga wa mtu. Kila mmoja akafunue wake. Na kama utafunua ukute kimya, ukute wamekauka vichwa ndani, lia, ndugu yangu, lia kwa sauti, kisha usafishe na uuache wazi. Kwa maana yupo mwenye kundi, yule yule tuliyemkosea, amesimama chini ya mti uliochanua, anauliza mzinga wako uko wapi.