Ngiri Aliyeomba Mlima Upunguzwe

Nitoe ngano?
Itoe.
Ni chungu.
Tutaimeza.

Hapo zamani za kale, kwenye pori la miyombo ambako mvua huja ikijisikia, aliishi Ngiri na wanawe watatu. Chini ya mlima kulikuwa na kidimbwi. Kiangazi kilipokaza, kidimbwi kikabaki tope.

"Mama, kiu," watoto wakalia.

Ngiri akamwendea Nungunungu, mtafuna magome. "Shemeji, miti hii ya mlimani inakunywa maji ya wanangu. Nipunguzie."

Nungunungu hakuombwa mara mbili, tumbo lake mnalijua. Akatafuna gome la mti mmoja hapa, mmoja kule. Miti ikafa. Na kweli, mvua iliponyesha, kidimbwi kikapanda mpaka magotini.

Kobe akasema, "Yatosha, bibie. Iliyobaki ndiyo inayoshika udongo."

"Kobe, wewe huna mtoto anayelia."

Akarudi. "Shemeji, punguza tena." Nungunungu akatafuna. Kidimbwi kikapanda mpaka tumboni.

"Bibie," Kobe akasema, "maji yamekuwa mekundu."

"Mekundu si maji?"

Akarudi mara ya tatu. "Shemeji, maliza."

"Yote?"

"Yote. Au umeshiba?"

"Mimi? Nishibe?"

Mlima ukabaki kipara.

Mvua ikaja. Haikukuta jani la kuipokea wala mzizi wa kuishika, ikashuka mbio na mchanga wa mlima. Ngiri akafanya alivyofundishwa na mama yake: watoto watangulie shimoni, yeye aingie kinyumenyume, azibe mlango, meno nje. Simba huyaogopa meno hayo. Maji hayakuyaogopa. Yakapita juu yake, yakapita chini yake.

"Mama, maji," watoto wakalia nyuma yake.

"Tulieni, nimeziba."

Akaendelea kuwajibu hata walipokwisha kunyamaza.

Kidimbwi kilijaa mchanga. Kiangazi kiliporudi, hata tope halikuwapo. Nungunungu alishahamia mlima mwingine, anatafuna. Kobe alipita, akaenda zake.

Tangu hapo Ngiri hupiga magoti akichimba chini. Wajinga husema anasali. Anachimba tu, na anachokitafuta hakipo.

Funzo ni hili: kupunguza kunamfaa anayejua pa kuachia. Ngiri alijua kuomba tu.

Ngano nimeifukia hapo. Anayetaka mwisho mtamu akalambe asali kwao.