Kimya cha Kinamasi

Chura hamwimbii mpita njia. Methali hiyo mmeisikia leo pale maabara, na sasa mwataka kujua ilikotoka. Basi tulieni. Na wewe unayetikisa mguu, tulia zaidi, maana methali hii ilianzia kwa mtu kama wewe.

Nyamizi alimaliza shahada ya biolojia, na tangu siku hiyo hakutulia. Alianza na popo, akawaacha. Akaingia kwa konokono. Mwalimu mmoja akamwambia kazi siku hizi ziko kwenye vinasaba, akawaacha nao. Aliomba ushauri kwa kila mkubwa, na kila ushauri aliuvaa asubuhi akauvua jioni. Mwishowe akapokewa na Daktari Shemweta, mama mtaalamu wa vyura, akapewa kazi moja tu: athibitishe kama chura mdogo wa kinamasi cha bondeni bado yupo. Akimpata, nafasi ya kuendelea na masomo ni yake.

Akavaa mabuti, akakizunguka kinamasi wiki nzima. Kila alipofika, kimya. Alisimama kidogo, akatazama simu, akasonga mbele. Jumamosi alasiri akarudi kwa mwalimu wake akihema.

"Shikamoo, Daktari. Vyura wamekwisha. Halafu kuna maabara ya vinasaba mjini wananiita, wanataka jibu kabla jua halijazama. Naona niende tu."

"Marahaba, mwanangu. Utakwenda. Kwanza nionyeshe hapo walipokwisha."

Walipofika, mama akaketi juu ya gogo. "Kaa. Usiseme, usisogee."

Nyamizi akakaa. Mbu wakamvamia, mguu ukamwasha. Mtandao ulipatikana mlimani tu, na jua lilikuwa linateremka. Wenzake wote walikwisha pata kazi, naye anakodolea macho matope! Uvumilivu ukamwishia, akainuka aende zake. Kumbe majanini kitu kilikuwa kimeanza kulia, tik, tik. Alivyoinuka tu, kikanyamaza.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Na umemnyamazisha."

Nyamizi akabaki amesimama. "Mama, niambie basi. Niende au nikae?"

"Hilo sikuchagulii. Kwenye vinasaba kuzuri, hapa nako kuzuri. Ila ukienda na miguu hiyo, popote utakuta kimya."

Maneno yakamchoma. Akaketi huku machozi ya hasira yakimtoka. Jua likazama, jibu la maabara halikupelekwa, na roho ikamuuma kwelikweli.

Ndipo chura mmoja akalia. Wa pili akamjibu. Kisha kinamasi chote kikaitika, ng'ambo hii na ile, hata pale alipopita na mabuti yake kila siku. Nyamizi akaona aibu. Kile kimya alichokuwa akikitolea taarifa, alikuwa akikileta mwenyewe.

Leo ana wanafunzi wake. Humjia wakihangaika, niache hiki, nishike kile, niende wapi. Yeye huwasikiliza mpaka wachoke, kisha huwaambia: chura hamwimbii mpita njia.